Mama hakuamini kama ni bamia

Huku Texas bamia wanazipaka unga wa mahindi ndo wanakaanga, na madukani zinauzwa zimeshapakwa huo unga na kugandishwa kabisa kwenye mifuko. Leo nimetoka kazini nimechoka hata kuchemsha mafuta sitaki, nikasema ngoja nizitie kwenye eafraya, ile mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto.

Sikuziyeyusha, zimetoka friza moja kwa moja maana zikiyeyuka ule unga unaloa unabanduka wote. Nikapulizia mafuta kidogo tu, nikazitandaza zisilaliane ili hewa ya moto ipite kila upande, nyuzi 200 za Selsiasi, dakika kama 10 hivi, katikati nikatikisa kikapu.

Jamani ile sauti!! Kra kra kra.

Nilikuwa naongea na mama yuko Tanga, video kol, akauliza unatafuna nini hicho, nikamwambia bamia, akakataa katakata, "bamia gani inalia hivyo mwanangu?" Nikaivunja moja mbele ya kamera aone, ndani kijani, laini, wala haivuti. Akaiangalia weee, halafu akasema na mimi niletee hiyo mashine.

Nimefurahi, yani nimefurahi sana.

Nimezila na pilipili ya ndimu. Nyie wenye eafraya mnatia nini kingine? Biringanya inakubali?