Nilitafsiri Nusu

Jana jioni nilifunua sufuria ya mchuzi nikiwa nimeinama, mvuke ukanipiga usoni na miwani ikajaa ukungu. Mwanangu alikuwa mezani na madaftari yake. Akauliza, "Mama, unaona kweli?" Sikumjibu. Nilibaki na kifuniko mkononi maji yakinidondokea miguuni, maana jiko lilikuwa limeniondoka. Nilikuwa mlangoni pa ile nyumba kubwa ya vioo ya kuoteshea mimea ya Garfield Park, Desemba 2016, mama yangu amenishika mkono, na sote wawili hatuoni kitu.

Zile wiki tatu za mama hapa Chicago nilizipanga siku kwa siku. Nilikuwa na karatasi niliyoikunja mara nne mfukoni mwa koti, na kila tukitoka mahali nilikuwa nakata mstari kwa kalamu. Tulikwenda soko la Krismasi la Daley Plaza, lenye vibanda vya mbao vilivyopangwa chini ya lile sanamu refu la chuma la Picasso lililoko pale tangu 1967. Tulikwenda kuwatazama simba wa shaba wa jumba la sanaa la Art Institute, waliovishwa mashada ya majani mabichi shingoni kwa ajili ya sikukuu. Tulisimama mbele ya Cloud Gate, sanamu ambayo wenyeji huiita Bean kwa kuwa ina umbo la punje ya haragwe. Mama akajitazama kwenye chuma kile kinachong'aa kama kioo, akaiweka sawa skafu yake, akaniambia yuko tayari kuondoka.

Kilichomfurahisha kweli ni taa za joto kwenye steshini za treni. Unabonyeza kitufe, juu ya kichwa chako nyaya zinaanza kuwa nyekundu, na watu msiojuana mnasogeleana bila kusemeshana. Kila steshini alikitafuta kitufe mwenyewe. Taa ikizimika, anabonyeza tena kabla mtu mwingine hajanyanyua mkono.

Garfield Park niliipachika katikati ya siku kwa sababu ndogo tu: kiingilio kilikuwa bure, ndani kuna joto, na tulikuwa na kama saa moja na nusu ya kupoteza kabla ya kwenda uwanja wa barafu wa Millennium Park. Tulipanda treni ya laini ya kijani kuelekea magharibi, tukashuka kwenye steshini iliyo jirani kabisa na bustani. Baridi ya siku ile ilikuwa ya kuuma meno. Mama alikuwa amevaa makoti mawili, langu juu ya lake, na soksi mikononi juu ya glavu. Hakulalamika. Alikuwa anatembea kwa hatua fupi fupi macho yakiwa kwenye theluji, kama mtu anayepita na ndoo iliyojaa.

Tukasukuma mlango.

Miwani yake na yangu iliingia ukungu kwa pamoja. Tulisimama palepale kizingitini. Sikuona chochote ila weupe, lakini pua ilikuwa imeshafika: udongo uliolowa, majani yaliyooza kidogo, harufu ile nzito ya mahali ambapo vitu vinaota usiku na mchana. Kwa mbali maji yalikuwa yanadondoka, si kwa kishindo, yanadondoka tu. (Ni kwenye chumba cha majani ya kangaga. Jens Jensen, aliyeisanifu bustani hiyo iliyofunguliwa 1908, inasimuliwa alimrudisha fundi wa mawe mara kadhaa mpaka maji yakadondoka kwa sauti aliyoitaka. Kwa miaka yote hiyo yanadondoka vile vile, na sisi tukaikuta.) Nilitaka kufuta miwani, mama akanibana mkono.

"Subiri," akasema. "Subiri kwanza."

Tukasubiri. Mtu mmoja akatupita kwa nyuma akiomba radhi, tukasogea kidogo bila kuona tunasogea wapi. Nilimsikia mama akivuta pumzi kwa pua, ndefu, akaishikilia. Alikuwa na siku kumi na moja hapa na kwa siku zote hizo alikuwa anapumulia ndani ya skafu. Nikasikia zipu ya koti la juu, halafu vifungo vya koti la chini, kimoja kimoja. Ukungu ulipoanza kupungua kutoka pembeni mwa vioo, kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono yake mitupu. Soksi na glavu alikuwa ameshavitia mfukoni.

Minazi na michikichi hakuitazama sana. Aliongoza njia yeye, mimi nikifuata na makoti, mpaka tukafika kwenye chumba kinachoitwa Sugar from the Sun, ambamo wameotesha mimea inayotupa chakula katika nchi za joto: miwa, mibuni, mikakao, michungwa. Na mgomba. Akaenda moja kwa moja kwenye mgomba kama mtu aliyeitwa. Akaupapasa shina kwa kiganja, akainama kuangalia chini, akanyoosha mkono na kulivuta jani moja kavu lililokuwa linaning'inia. Likatoka.

Kijana mmoja wa bustani, ameshika mpira wa maji, akaja upande wetu. Mimi nikaanza kuomba msamaha kabla hajafungua kinywa. Lakini hakuwa amekasirika. Alitaka kujua mama anatazama nini pale chini. Mama akamwonyesha kwa kidole. Kuzunguka shina kulikuwa na machipukizi mengi yaliyosongamana, makubwa kwa madogo.

"Mwambie," mama akaniambia, "hawa wamezidi. Kwenye shina moja unaacha watatu: mama, mtoto na mjukuu. Mama ndiye anayezaa sasa. Mtoto atazaa akishakatwa mama. Mjukuu anangoja zamu yake. Wengine unawang'oa, tena unawang'oa na kisiki chao, la sivyo wananyang'anyana chakula na mkungu unakuwa mdogo. Na mwambie asiache watoto wa upande mmoja wote, achague..."

Aliendelea. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ile sauti ya mtu anayezungumza kazi anayoijua. Kijana alikuwa ameuweka mpira chini na ananitazama mimi, anangoja.

Nikaangalia saa.

Nikamwambia yule kijana kwa Kiingereza: mama yangu anasema mgomba wenu ni mzuri sana, na anaona una watoto wengi. Kijana akatabasamu, akamshukuru. Mama akanitazama, akamtazama yeye, akatazama tena mimi. Maneno yake yalikuwa marefu na yangu mafupi, na hilo halihitaji Kiingereza kulijua. Akachukua koti lake.

Mengine yaliyofuata siku ile nayakumbuka kwa haraka. Kwenye uwanja wa barafu nilizunguka mara mbili au tatu, mama amekaa pembeni na mkoba wangu mapajani. Jua lilizama saa kumi na dakika ishirini na kitu, taa zikawaka, pakapendeza. Kisha tukaenda kula ile piza nene ya Chicago, inayookwa kwenye chombo kirefu kama cha keki, jibini chini na nyanya juu. Piza hiyo haiwahishwi. Tulikaa tukiingoja kwa dakika arobaini na tano, tunatazamana, na kile chumba cha migomba kilikuwa kimebaki nyuma yetu na muda huo wote ungetosha. Mama alikula cha ndani, mkate wa pembeni akauacha. Akasema imemshibisha.

Nilimpigia leo asubuhi. Nikamweleza habari ya sufuria, akacheka. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile nyumba ya vioo. Akasema anaikumbuka, na taa za steshini pia anazikumbuka, je, bado zipo? Nikamwambia zipo. Nilikuwa nautafuta mlango wa kumwambia kwamba siku ile sikutafsiri yote, na kwamba sehemu ya mwisho, ile ya kuchagua watoto, siikumbuki tena alivyoimaliza.

Yeye akatangulia.

"Yule kijana," akasema, "walipunguza ile migomba?"

Nikamwambia sijui, mama.

"Nenda kaangalie," akasema. "Ukiona bado wamesongamana, unipigie ukiwa palepale."