Njia Panda ya Osu

Babu yangu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Katika Vita vya Pili vya Dunia walimpeleka Burma, akarudi Machakos na koti moja la jeshi, mguu ulioumia, na habari ambazo hakupenda kuzisimulia. Ndiyo maana kazi yangu Accra, Ghana, ilipokwisha na nikabaki na siku mbili mkononi, mahali pa kwanza nilipotaka kupaona palikuwa makutano ya barabara upande wa Osu, karibu na bahari.

Nilifika kwa trotro, matatu za huko. Makanga wao huitwa mate, na wa gari letu alikuwa kijana mwembamba aliyeita vituo kwa sauti ya puani, neno moja mara tatu tatu bila kuvuta pumzi. Nilishuka mapema nikaifuata kwa miguu barabara ya Februari 28. Jina hilo ndilo lililonileta.

Februari 28, 1948, askari wastaafu wapatao 2,000 walitoka mjini kuelekea ngome ya Christiansborg, alikokaa Gavana Gerald Creasy, aliyeitawala nchi hii kwa niaba ya Waingereza. Walikuwa na barua, hawakuwa na silaha. Wengi walipigana Burma, wakaahidiwa kazi na malipo ya uzeeni, na miaka mitatu baada ya vita walikuwa bado wanazungushwa. Hapa njia panda polisi wakawazuia. Ofisa wa Kiingereza, Colin Imray, aliamuru wapigwe risasi. Polisi wake waliposita, akanyakua bunduki akafyatua mwenyewe. Wakaanguka Sajenti Adjetey, Koplo Attipoe na Praiveti Odartey Lamptey. Mji ukalipuka, maduka ya wageni yakachomwa, na serikali ikawakamata viongozi sita, Kwame Nkrumah akiwamo. Miaka tisa baadaye, Machi 6, 1957, Ghana ikawa huru.

Nilisimama pale kama saa nzima. Magari yanapita kwa kasi, upepo wa bahari una chumvi. Mama mmoja alikuwa ameketi kivulini na sufuria kubwa ya kenkey. Nilimwamkia, nikamwita Auntie kama nilivyosikia wengine wakimwita, akanichagulia donge moja, akalivua maganda ya mahindi taratibu, ganda baada ya ganda, hadi mvuke ukatoka. Harufu ilikuwa ya uji uliochacha wa nyumbani kabisa. Akaweka samaki wa kukaanga na pilipili ya kusaga pembeni. Nilipomweleza kwamba babu yangu naye alikuwa Burma, aliacha kufunga sufuria, akaniangalia, akaongeza samaki wa pili. Alikataa kulipwa.

Kutoka pale ngome iko karibu, nyeupe, imeikalia miamba ya ufuoni. Wadenmaki waliijenga kwa mawe katika karne ya 17, na watumwa walifungiwa humo wakingoja meli. Mwaka 1693 Asameni, mtu wa kabila la Waakwamu aliyewahi kufanya kazi na Wazungu hao, aliiteka kwa ujanja pamoja na watu wake. Baadaye waliiuza tena kwa Wadenmaki lakini funguo hawakurudisha. Ziko kwa Waakwamu hadi leo. Mwaka 1850 Waingereza waliinunua. Walipouhamisha mji mkuu wa koloni kutoka Cape Coast kuja Accra mwaka 1877, huu ukawa ndio mji wa amri, na ngome ikaja kuwa nyumba ya gavana.

Lililonikaa moyoni ni kwamba baada ya uhuru marais wa Ghana waliendelea kutawalia humo humo. Ikulu ya taifa huru ilikuwa juu ya vyumba walimofungwa watumwa! Nimesikia hoja kwamba kukalia kiti cha aliyekutesa ni ushindi pia, na ninaielewa, ila moyo wangu unaikataa. Ofisi ya rais ilihamia kwa kudumu Jubilee House, ikulu mpya, mwaka 2013. Mlinzi aliniashiria niweke simu mfukoni, nikaiweka. Sikuwa na hamu ya picha.

Mchana nilikwenda alikozikwa Nkrumah, kwenye uliokuwa uwanja wa polo ambapo alitangaza uhuru. Pembeni ipo sanamu yake ya zamani, isiyo na kichwa. Wanajeshi walipompindua Februari 24, 1966, akiwa safarini Asia, watu waliiangusha. Kichwa kilikuja kupatikana, nacho kimewekwa karibu yake, peke yake. Nilikizunguka mara mbili. Nawashukuru walioamua kutokiunganisha tena.

Na sisi wa Kenya tuna sehemu yetu Accra. Desemba 1958 Nkrumah aliita mkutano wa watu wa Afrika nzima, na mwenyekiti wake alikuwa Tom Mboya wetu, kijana wa miaka 28. Aliwakumbusha wakoloni jinsi walivyoigombania Afrika katika mkutano wa Berlin, akawaambia sasa waondoke. Patrice Lumumba wa Kongo alikuwa ukumbini. Alirudi Léopoldville, Kinshasa ya leo, akahutubia umati kuhusu aliyoyasikia, na siku chache baadaye, Januari 1959, mji huo ukawaka.

Jioni nilirudi njia panda. Auntie alikuwa ameshaondoka, pamebaki maganda makavu ya mahindi. Nilimpigia baba simu nikamsimulia yote, hadi ile barua.

"Walikuwa wanadai nini hasa?" akauliza.

"Malipo yao, baba. Waliyoahidiwa."

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: babu aliandika barua kama hiyo mara tatu, akamtuma yeye, akiwa mtoto, kuzipeleka posta. Hakujibiwa hata moja.

"Nitajie tena majina ya hao watatu," baba akasema. "Polepole, naandika."