Waya wa steringi umenitoa jasho, na kumbe mbaya wangu alikuwa puli

Naandika hii nikiwa na plasta kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia, kwa hiyo herufi zikipishana mnivumilie tu.

Kwa wasionijua, mimi naangalia boti ya bosi wangu hapa Kigoma. Sio mtumbwi wa dagaa wala boti za abiria za pale Kibirizi, hii ni boti ya tanga, ina mlingoti mmoja na kiinjini cha dizeli cha kuingilia bandarini, halafu badala ya mkono wa usukani ina steringi kabisa kama gari. Ukizungusha steringi, cheni iliyoko ndani ya nguzo inavuta nyaya mbili, zinapita kwenye puli chini ya sakafu mpaka shetri, yaani nyuma kabisa ya boti, huko zimeshika dude la chuma lenye umbo la robo chapati lililobanwa kwenye mhimili wa usukani. Basi hapo ndio boti inageuka. Waya ukikatika una steringi nzuri ya kupigia picha.

Sasa mwezi wa saba tunarudi toka upande wa Gombe, kusi linatupiga usoni, mawimbi mafupi mafupi yale ya kukera, nikawa naisikia steringi inakwaruza kila nikikata kushoto. Haikuwa mara ya kwanza. Nilishaisikia wiki tatu nyuma na dawa yangu ilikuwa grisi, naongeza grisi, inanyamaza siku mbili, inaanza tena. Nadhani wengi tunatibu hivyo, sauti ikiisha tunasema imepona.

Tulipotia nanga nikafungua mfuniko wa nyuma nikapitisha kitambaa kwenye waya. Kitambaa jamani, sio mkono, mkono nilitumia baadaye na plasta mnaziona. Waya wa kulia kitambaa kikateleza vizuri, wa kushoto kikanasa sehemu moja kama kimeshikwa na mwiba. Nikamulika na tochi ya simu, nyuzi zimekatika zimesimama kama ndevu. Na hakuna kutu hata kidogo! Watu huku wanasema ziwa letu halina chumvi ya bahari kwa hiyo chuma hakiharibiki, sawa, lakini waya wa stenlesi hausubiri kutu, ukikunjwa na kunyooshwa mara elfu unachoka wenyewe, uzi mmoja mmoja.

Kilichonichoma roho ni kwamba waya ule tuliubadilisha mwaka jana tu.

Nikataka nikimbilie hadwea, nichukue waya, nifunge, yaishe. Mzee mmoja fundi wa boti pale ufukweni, mimi namwita babu, akaniambia "kijana, ule wa zamani usiutupe kwanza, ulaze chini uusome". Nikaona ananichelewesha. Tukaulaza mchangani, tukapima toka kwenye kitanzi mpaka pale kwenye ndevu, tukarudi ndani kupima tena steringi ikiwa katikati. Ndevu zinaangukia puli ya nyuma kushoto. Babu akaishika puli aizungushe, haizunguki. Imeganda! Waya ulikuwa hauviringiki juu yake, unasugua tu mpaka umechimba mfereji wake pembeni. Na kwa nini pembeni, kwa sababu puli yenyewe imelala upande, mbao iliyoshika bolti zake imeoza. Kwa hiyo mwaka jana tulimpa mgonjwa shati jipya. Na grisi yangu yote ile ilikuwa inapakwa juu ya waya, hakuna hata tone lililofika kwenye pini ambayo puli inazungukia.

Mbao tukaweka kipande cha mninga, puli na bushi nikampelekea fundi wa kukereza mjini akatoa vya shaba, safi kuliko vya mwanzo. Waya ndio ukawa kesi. Hadwea zimejaa waya wa winchi, mgumu, ukiupinda kwenye puli ndogo unagoma, mimi nataka ule laini wa nyuzi 133, yaani mafungu saba yenye nyuzi kumi na tisa kila moja, milimita tano. Ikabidi uagizwe Dar uje na basi. Nikawa nafikiria, meli nzima ya Liemba Wajerumani waliileta vipande vipande, wakaiunganisha hapahapa, mwaka 1915 ikaingia majini, mimi nashindwa kupata mita kumi za waya. Mwisho wa reli kweli.

Kufunga kwenyewe. Kabla hujauchomoa waya wa zamani funga kamba nyembamba kwenye ncha yake, ukiuvuta kamba inabaki imepita njia yote, unatumia hiyohiyo kuvutia mpya. Wa kwanza nilifanya hivyo, dakika kumi. Wa pili nikasahau, nikalala kifudifudi chini ya sakafu saa nzima na tochi mdomoni. Kata baada ya kuzungushia tepu la umeme la sivyo unafumuka kama ukili. Na klempu, vile vibanio vya kushikia kitanzi cha waya, hapa babu alinigombeza vizuri: ile U inakaa upande wa mkia wa waya, kile kitako kinakaa upande unaobeba mzigo. Nilikuwa nimeweka kinyume zote tatu, U ingekuwa inauminya ule unaofanya kazi.

Kukaza usikaze kama gitaa, puli zitalia. Unafunga steringi isizunguke, unaishika ile robo chapati kwa mkono unaitikisa, isicheze, basi.

Halafu aibu. Nimemaliza, nimefunika, nimejifuta mikono, nakata kulia, dogo aliyekuwa nyuma anaangalia usukani anapiga kelele "bro inaenda kushoto!" Nyaya kwenye boti hii zinapishana chini ya nguzo na mimi nilizipitisha moja kwa moja. Nikafungua kila kitu upya, babu amekaa kwenye ndoo anakunywa chai hasemi neno.

Tumeshatoka nayo mara nne, na kusi hilohilo, steringi laini unaiendesha kwa kidole. Mkono wa dharura wa usukani nao nimeutafuta, nikaukuta jikoni kwa mlinzi unachochea mkaa, umerudi kwenye boti.

Waya wa zamani mama jirani aliuomba akafanya kamba ya kuanikia. Nilimwambia. Jana kanitumia picha ya kanga yake mpya, imenasa palepale kwenye ndevu, imechanika toka pindo mpaka kwenye jina.