Spidi halisi ya pikipiki ya cc 125 kati ya Arusha na Moshi

Pikipiki yangu ni cc 125 ya umbo la kizamani: taa ya duara, rimu za spoku, usukani wa juu. Spidomita ilikuwa ikigusa kilomita 100 kwa saa, simu kwa setelaiti ikisoma 91. Amini simu, spidomita hutengenezwa zizidishe kidogo, zisije zikapunguza.

Nilipima kwenye unyoofu wa njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi Boma Ng'ombe, kwenda na kurudi, nikachukua wastani. Ukipima upande mmoja umepima upepo.

Kutafuta spidi zaidi, nilianza kwa sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya mbele ya meno 16 badala ya 15, yaani gia ndefu zaidi. Spidi ikashuka hadi 88, na mlima wa Kikafu ukadai gia ya tatu. Injini hii nguvu yake iko karibu na mizunguko 9,000 kwa dakika. Kwa meno 15 mbele na 38 nyuma, na tairi la 3.00-18, spidi ya 91 ni kama mizunguko 8,100 tu. Haijafika kwenye nguvu yake, nawe unairefushia gia! Nikarudisha 15.

Dawa ilikuwa kabureta. Arusha mjini ni karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi, petroli inazidi. Plagi ilitoka nyeusi, masizi makavu. Mafundi wengi hushusha sindano ya kabureta, lakini sindano hutawala ukivuta mafuta nusu. Ukivuta mafuta mpaka mwisho, kazi ni ya jeti kubwa, kitundu chenye namba kinachopitisha petroli. Nilitoa namba 100 nikaweka 95. Arusha ikachangamka, ila Boma Ng'ombe, ambako ni chini zaidi na hewa ni nzito, plagi ikawa nyeupe: petroli imepungua. Hapo ndipo pistoni hutoboka. Namba 98 ndiyo iliyokaa: kauri ya plagi rangi ya chai ya maziwa. Kuisoma, vuta mwisho nusu dakika, bana klachi, zima papo hapo, kisha fungua plagi. Ukiiacha iungurume, rangi inakudanganya.

Nafasi ya vali ni 0.08 mm, injini ikiwa baridi kabisa. Cheni icheze sm 2 hadi 3, upepo wa tairi psi 25 mbele na 28 nyuma. Breki ya ngoma usiisahau: weka stendi ya kati, gia huru, zungusha tairi la nyuma kwa mkono, likigoma mapema, legeza nati ya breki.

Sasa napata 95 nikilalia tangi, 90 nikikaa wima. Safarini naenda 70, na kwenye makazi 50 ya kibao.