Siku Moja Maishani Mwangu: Nasoma Sanaa, Mwaka wa Mwisho wa Sekondari

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wenzangu wameshafungua madaftari, mimi nachonga penseli kwa wembe. Kichongeo cha kawaida hutoa ncha fupi. Wembe hutoa ncha ndefu ambayo ukiilaza inapaka kivuli kipana, ukiisimamisha inachora mstari mwembamba. Nabeba HB, 2B, 4B na 6B. Kadiri namba ya B inavyopanda ndivyo penseli inavyozidi kuwa laini na nyeusi, na siri yake ni udongo: grafati, yaani ile madini nyeusi ya ndani ya penseli, ikichanganywa na udongo mwingi penseli inakuwa ngumu na ya kijivu, udongo ukipungua inalainika. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alisajili mchanganyiko huo mwaka 1795, vita vilipoizuia Ufaransa kupata grafati safi ya Uingereza. Naanza na hili makusudi, maana wako watu wengi, walimu wakiwemo, wanaoamini somo letu halina cha kusoma. Wanadhani mtu huzaliwa na mkono mwepesi, kisha anakuja darasani kustarehe.

Saa moja hadi saa nne ni masomo mengine. Insha, jiografia, zoezi la kukusanya.

Saa nne na nusu tukaingia chumba cha sanaa kwa vipindi viwili mfululizo vya kuchora kwa kutazama. Mezani palikuwa na chupa ya kioo, kiatu kikuukuu na kitambaa cheupe kilichotupwa kikajikunja chenyewe. Dirisha moja wazi, mengine yamefungwa, ili mwanga utoke upande mmoja tu. Robo saa ya kwanza hakuna anayechora kitu cha maana. Unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unapima kwa penseli: kiatu kinaingia mara ngapi kwenye urefu wa chupa? Mdomo wa chupa uko juu ya kisigino au umepita kidogo?

Chupa ndiyo inayowaumbua wengi. Akili inajua mdomo wake ni duara na kitako chake kimekaa bapa mezani, basi mkono unachora mdomo wa mviringo na kitako cha mstari ulionyooka. Jicho halioni hivyo. Linaona duaradufu mbili, yaani duara zilizobanwa, na ile ya chini imefunguka zaidi kwa sababu iko mbali zaidi na usawa wa macho. Kioo chenyewe hakina rangi ya kuchora, kwa hiyo unachora kilicho nyuma yake jinsi kinavyopinda na kukatika kinapopita ndani yake. Na kitambaa tunachokiita cheupe, ukikitazama kwa makini, kina weupe sehemu chache mno kwenye kingo za mikunjo. Kwingine kote ni kijivu cha kila aina. Kuacha kuchora unachokijua na kuanza kuchora unachokiona kunachukua miaka, na kunachosha macho na shingo kuliko watu wanavyodhani. Mimi nilikuwa nimefika pazuri. Mikunjo miwili mikubwa ilikuwa imekaa, naanza kuteremsha kivuli cha chupa juu ya kitambaa.

Mlango ukafunguliwa.

"Wasanii wangu! Nina kazi ndogo tu."

Alikuwa mwalimu wa somo jingine. Mwalimu wetu alikuwa ametoka kufuata karatasi, basi tukawa sisi wenyewe. Kazi ndogo ilikuwa bango la sherehe ya shule: kitambaa cha mita tatu, maandishi ya rangi mbili, nembo katikati, na linatakiwa kabla ya jioni.

"Shikamoo mwalimu," nikasema. "Samahani, tuko katikati ya kipindi. Tunaweza kulifanya baada ya masomo."

"Marahaba. Kipindi gani tena, mwanangu? Si mnachora? Na hili ni kuchora."

Nikamweleza kwamba kivuli tunachochora kinategemea jua, na jua halitungoji. Akatazama meza, akatazama kiatu, akacheka kwa upole. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Hicho kiatu kitakuwa hapo hapo kesho," akasema. "Njooni watatu tu, nusu saa mtakuwa mmemaliza."

Acha nieleze hiyo nusu saa. Unatandaza kitambaa sakafuni na kukikaza pembe zote, la sivyo rangi itakusanya mikunjo. Unapiga mistari ya kuongozea herufi kwa uzi uliopakwa chaki. Unahesabu herufi, lakini hesabu peke yake haitoshi, kwa sababu M inakula nafasi ambayo I haihitaji, na A ikikaa jirani na V inaacha pengo ambalo ni lazima ulibane kwa jicho. Unaandika kwa chaki, unasimama mbali, unafuta, unaandika upya. Rangi ya kwanza inanyweka ndani ya kitambaa, inabidi urudie mkono wa pili, na huwezi kurudia mpaka ya kwanza ikauke. Nembo ilikuwa kwenye karatasi ndogo, tukaigawa kwa miraba na kuihamishia kwenye kitambaa mraba kwa mraba. Katikati ya hayo mwalimu akarudi kuomba jina la mgeni rasmi liongezwe, wakati maneno yote yalishapangwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Jina moja likiingia, mstari mzima unahama.

Tulifanya vizuri. Bango lile ni zuri na ninajivunia nafasi kati ya herufi zake. Lakini liliandikwa na watu wenye somo la kufaulu, na wiki ambayo maabara inajiandaa kwa mtihani wa vitendo hakuna anayeingia kuwaambia wanafunzi wa kemia wakachemshe maji ya wageni.

Tuliporudi chumba cha sanaa jua lilikuwa limevuka dirisha. Kivuli cha chupa kilikuwa kimehama kutoka kwenye kitambaa hadi mezani, na mikunjo niliyoichora haikuwepo tena. Kiatu kilikuwa pale pale, kweli. Nikaandika saa pembeni mwa karatasi ili niendelee kesho wakati ule ule, kama hakutakuwa na mawingu.

Mchana, historia ya sanaa. Tuko kwenye sanamu za vichwa vya watu za Ife, mji wa Nigeria, na hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, akaona sanaa ile, akaona ni bora mno kuwa ya watu wa pale, akaihusisha na Atlantis, ustaarabu wa kale wa kwenye masimulizi ya Wagiriki. Mwaka 1938 watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba mjini humo wakakuta vichwa vingi zaidi vya shaba iliyochanganywa, nyuso tulivu, baadhi zikiwa na mistari myembamba kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Viliundwa kwa njia ya nta: unafinyanga uso kwa nta, unaufunika kwa udongo, unauchoma nta itoke, unamimina shaba iliyoyeyuka mahali pake, kisha unavunja udongo. Kalibu hiyo ya udongo inatumika mara moja tu. Nilipokuwa nikiandika maelezo hayo mkono ulikuwa bado una rangi ya bango, na nilimfikiria Frobenius kwa hasira. Alikuwa na kazi yenyewe mbele ya macho, akashindwa kukubali kwamba waliokuwa pale waliijua.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Alasiri ni ya mradi wa mwisho, na wangu ni chapa ya lino ya rangi tatu kwa kibao kimoja: picha inachongwa kwenye kibao laini cha lino, kinapakwa wino kwa rola, kisha kinakandamizwa kwenye karatasi. Unachonga kidogo, unachapa rangi nyepesi kwenye karatasi zote unazozihitaji, halafu unaendelea kuchonga kibao kile kile kwa ajili ya rangi inayofuata. Ulichokiondoa hakirudi, na karatasi ikiharibika huwezi kuchapa nyingine. Lino ikipoa inakuwa ngumu, kwa hiyo naikalia kwanza ipate joto. Patasi inasukumwa kuelekea mbali na mkono uliokishika kibao. Picha yote iko kinyume, kulia ni kushoto. Kufikia rangi ya pili kiganja kilikuwa kimevimba chini ya kidole gumba, na kila karatasi ilitakiwa ilale sawasawa kwenye alama zake, maana ikisogea kidogo tu uso unapata macho manne. Wino ukiwa mwingi unaziba mistari midogo, ukiwa haba unaacha madoa. Unasikiliza rola: ikitoa mlio mwembamba wa kunatanata, wino umetosha.

Usiku nilikuwa na daftari la michoro. Mtahini hatazami picha ya mwisho peke yake, anataka kuona njia: majaribio, michoro iliyoachwa, sababu za kuchagua bluu ile na siyo hii. Nikaandika kurasa mbili macho yakifumba yenyewe.

Mdogo mmoja wa kidato cha pili alikuwa amesimama nyuma yangu muda mrefu. Akaniuliza kama ni kweli sanaa ni ya wasioweza masomo magumu, kwa sababu anataka kuichukua na nyumbani wamemkatalia. Nikampa kiti, nikampa penseli ya 4B, nikamweka chupa mbele yake na kumwambia achore mdomo na kitako tu. Alichora kitako cha mstari ulionyooka. Nikamwonyesha, akafuta, akachora tena, akafuta. Kengele ya kulala ilipolia aliomba aondoke na karatasi ile. Kesho saa kumi atakuja kunisaidia kupanga karatasi kwa ajili ya rangi ya tatu.