Kifua kinapanda mara 30, mashine inaonyesha 18
Wenzangu wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), kabla ya kuongeza dawa ya kutuliza kwa mgonjwa anayesumbuana na mashine ya kupumulia, funueni shuka mhesabu pumzi kifuani dakika nzima. Kifua kikipanda mara 30 na kioo cha mashine kikionyesha 18, juhudi 12 zimepotea: anavuta, mashine haihisi.

Mara nyingi msaada wa mashine umezidi, hasa kwa mwenye COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa). Shinikizo la msaada la sentimita 18 za maji linamjaza hewa, hapati muda wa kuitoa yote, na pumzi inayofuata lazima kwanza ishinde shinikizo lililonaswa mapafuni. Punguza 2 kwa 2 (sentimita za maji) hadi ujazo wa pumzi uwe mililita 6 hadi 8 kwa kilo, kwa uzito unaokokotolewa kutokana na urefu, si wa mizani! Kisha pandisha kikomo cha kukata pumzi kutoka 25% ya mtiririko wa kilele hadi 40 au 50, mashine iache kusukuma mapema. PEEP ya nje (shinikizo ambalo mashine hubakiza mapafuni mwisho wa kutoa pumzi) nayo husaidia, ilimradi ibaki chini ya ile iliyonaswa.

Kichochezi cha mtiririko (kiwango cha mvuto kinachoifanya mashine ihisi pumzi ya mgonjwa) kiwe lita 1 hadi 3 kwa dakika. Kikiwa chepesi mno, maji yaliyotuama kwenye mipira au uvujaji huanzisha pumzi ambazo mgonjwa hakuziomba. Mwageni maji kwanza, ndipo mguse kitufe.

P0.1 (shinikizo ambalo mgonjwa huvuta katika sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde ya pumzi, kwa sentimita za maji) ikiwa chini ya 1, huenda msaada umezidi. Ikipita 4, mgonjwa anavuta kwa nguvu mno. Mashine haina kipimo hicho? Tazameni misuli ya shingo.