Chubwi lenye mashimo

“Baba, hili mbona limeoza?”

Alikuwa amelichimbua chini kabisa ya sanduku la mishipi, chini ya ndoana zenye kutu na vipande vya nailoni. Halijaoza. Ni chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, la metali ya risasi. Upande wake mmoja ni laini, unateleza. Upande wa pili una vishimo vishimo kama sifongo, na shingoni pamemeguka hadi waya unaonekana. Nikamwambia aliweke, akanawe mikono kwa sabuni, asijiguse mdomo kabla, kisha arudi nimweleze. Akarudi mikono inadondosha maji sakafuni. Nikajikuta nayatazama yale matone badala ya kumtazama yeye.

Siku lilipotoka, zamani, tulipanga kusubu machubwi 12, yaani kuyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu, kifaa chenye uwazi wa umbo la chubwi, gramu 90 kila moja. Mjomba alichonga kielelezo cha mti chenye umbo la tone, bapa kidogo upande mmoja ili chubwi lisibiringike mkondo ukivuta. Ukubwa hakuukisia. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, kwa hiyo gramu 90 zinahitaji ujazo wa sentimita 8 hivi. Alikizamisha kielelezo kwenye kikombe chenye vipimo. Maji yakipanda zaidi ya mililita 8, anakitoa na kukipiga msasa tena.

Risasi yenyewe ilikuwa ya vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari. Hiyo huchanganywa na metali nyingine, antimoni, kidogo, ndiyo maana ni ngumu kuliko risasi tupu. Lakini vingine ni vya zinki, na zinki ikiyeyuka humo risasi inakuwa rojo zito lisilojaza kalibu. Tulibana kila kipande kwa koleo: risasi huacha alama ya meno, zinki hugoma. Kinachoponyoka hapo hunaswa chunguni, kwa sababu risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 na zinki hungoja hadi 419. Ukiuzuia moto usipande sana, zinki itaelea pamoja na vibanio vya chuma, nawe utaiopoa. Sahani za betri kuukuu Mjomba alizikataa kabisa. Zina asidi na unga wa risasi, na masalia yake yakipata unyevu huweza kutoa gesi ya sumu.

Tulifanyia kazi nje, upepo ukitoka mgongoni. Chungu kilikuwa cha chuma, kisichorudi jikoni tena. Risasi ilipoyeyuka yote, Mjomba alitupia kipande cha mshumaa chenye ukubwa wa harage, moshi ukapanda, akakoroga, mavi ya risasi yakaja juu kama majivu akayaengua. Kijiko alikipasha moto kwanza pembeni ya chungu. Kijiko baridi huwa na unyevu usioonekana, alisema, na risasi haina urafiki na maji.

Hayo alikuwa anayajua. Ndiyo maana mpaka leo sielewi vizuri ilikuwaje kuhusu kalibu.

Kalibu ilikuwa ya plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukaganda, vipande viwili, mdomo mpana wa milimita 8 ili risasi inaposinyaa ikipoa ivute nyingine kutoka juu, na mikwaruzo myembamba ya kutolea hewa. Waya wa shaba njano ulikuwa umeshalazwa ndani, mkia wake umesokotwa ili risasi iung’ang’anie. Plasta ilikaa juani siku sita. Niliigusisha shavuni, kavu. Mjomba naye akaigusisha shavuni, kavu. Tukaifunga kwa vibano.

Alimimina taratibu, mkono umetulia, uzi mmoja wa fedha ukiingia mdomoni mwa kalibu bila kukatika. Nilisikia kwanza sauti ndogo, chiii, kama tone lililoangukia jiko. Mjomba aliisikia pia, kwa sababu nilimwona akikaza kiwiko aurudishe mkono nyuma. Uso wa risasi pale mdomoni, uliokuwa umetulia kama kioo, ukatetemeka. Ukavimba katikati. Nakumbuka niliona anga ndani ya uvimbe ule, buluu na wingu moja. Kisha pu! na risasi ikaruka juu kutoka kalibuni na kutawanyika; iliyosalia humo ndiyo iliyoganda ikawa hilo chubwi lenye mashimo. Tone moja likanigonga kioo cha miwani ya kukinga, jicho la kulia, likabaki hapohapo likiganda kutoka pembeni kuelekea katikati, likapoteza mng’ao, likawa kijivu. Nililitazama kwa ndani. Joto lake lilinifika kwenye kope. Aproni ya Mjomba ilikuwa na madoa sita au saba ya fedha, na glavu yake ya ngozi ilikuwa inatoa moshi kwenye kidole gumba. Chungu hakikuguswa na tone lolote, na kijiko hakikumponyoka. Hakusema kitu mpaka alipokirudisha kijiko mahali pake.

Plasta ikiganda hubeba maji kwa njia mbili. Yapo yanayokauka juani, na yapo yaliyofungwa ndani ya chembe zake, karibu asilimia 21 ya uzito wake, ambayo shavu haliwezi kuyahisi wala jua kuyatoa. Hayo yanataka zaidi ya nyuzijoto 100, tena kwa saa nyingi. Risasi ya nyuzijoto 370 huyatoa kwa mara moja, na maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya mwanzo. Kalibu ya pili tuliipasha kwenye oveni kuukuu iliyokuwa bandani, nyuzijoto 120, tukiipima kwa mizani kila saa. Ilipotoa uzito uleule mara mbili mfululizo ndipo tulipoitumia. Machubwi mawili ya kwanza yalitoka na makunyanzi kwa kuwa kalibu ilikuwa imeshapoa, tuliyarudisha chunguni. Baada ya hapo 12 yalitoka safi.

Mwanangu akauliza yale 12 yako wapi. Yako majini, moja moja, kila mshipi uliponasa kwenye mwamba na kukatika. Akauliza yanafanya nini huko.

Nilimwambia kwamba Uingereza, tangu mwaka 1987, machubwi madogo ya risasi, kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, yalipigwa marufuku kwa sababu mabata maji makubwa yalikuwa yanayameza na kufa. Yetu yalikuwa makubwa kuliko hayo. Sikuona kama jibu hilo lilimtosha, na mimi halinitoshi.

Sikumwambia habari ya ufagio. Baada ya ule mlipuko tulizoa matone, halafu mdogo wangu, aliyekuwa na miaka minne, akaletewa ufagio mdogo asaidie kufagia ule unga wa kijivu. Vumbi likapanda. Leo ningepangusa kwa kitambaa chenye maji, na mtoto asingekaribia kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tone la miwani nililiona likija. Damu ya mdogo wangu haikupimwa, wala yangu, wala ya Mjomba.

Siku hizi navua kwa chubwi la chuma cha pua. Ni jepesi kwa ukubwa uleule, gramu 90 zinataka ujazo wa zaidi ya sentimita 11, na mkondo hulisukuma. Lile lenye mashimo nimelitia kwenye kopo lenye kifuniko na kuliweka juu ya kabati. Mwanangu amelifuata kwa macho mpaka juu, akaniuliza kama kalibu bado ipo.

Ipo.